Mtoto asome nini ili asirudi kuomba sabuni?

Hotuba iliyotolewa Wamaza, kusini mwa Maniema, mbele ya familia zilizohama makwao kwa sababu ya vita, familia zinazowapokea, na viongozi wa mitaa. Tunaichapisha kwa ombi la waliohudhuria.

 

Nimesimama hapa kulipa deni. Katika mkutano uliopita mama mmoja aliyehama kutoka upande wa Salamabila alisimama akatuuliza swali. Alisema aliuza mbuzi na cherehani ili mtoto wake wa kwanza amalize masomo ya sheria. Mtoto amemaliza, amerudi na diploma yake, na sasa ni mwaka wa pili yupo nyumbani. Mdogo wake naye anataka kwenda chuo kikuu. Mama akasema: "Ninyi mliosoma, niambieni, huyu wa pili asome nini ili asirudi kuniomba sabuni?"

Watu walicheka. Kisha baba mmoja mwenyeji akajibu: "Wangu alisoma uchumi, naye yupo nyumbani vilevile." Hapo kicheko kikaisha. Mwingine akasema kazi za mashirika zinapewa watoto wa waliohama. Mwingine akasema hapana, wanapewa watoto wa wenyeji. Mnakumbuka jinsi mkutano ule ulivyomalizika. Tulikuja kuzungumza juu ya masomo, tukaondoka tumegawanyika pande mbili.

Kwa hiyo swali la mama yule ni swali la amani pia. Na mwezi ujao kamati yetu ya pamoja itaamua fedha za sanduku la masomo zitumike vipi. Wengine wanataka zote ziende kwa wanaosoma udaktari na sheria, kwa sababu hizo ndizo fakalte zenye heshima. Kabla hamjaamua, naomba mnisikilize.

Diploma na kiti cha ofisi

Tuanze kwa kuuliza kwa nini sisi Wakongomani tukisikia neno diploma tunaona kiti na meza. Wakati wa Wabelgiji, shule ilikuwa kwa ajili ya kupata makarani, wasaidizi wa waganga, na walimu wa misheni. Chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954 tu. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, Wakongomani waliokuwa wamemaliza chuo kikuu walikuwa wachache mno, hata watu 30 hawakufika. Nchi nzima ilikuwa na ofisi tupu zinazomsubiri mwenye diploma. Mtoto akimaliza, kazi ilikuwa inamngoja mlangoni. Wazazi wetu waliliona hilo kwa macho yao, na fikra hiyo wakatuachia.

Kisha ikaja mwaka 1973. Tarehe 30 Novemba, Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatachukuliwa na kupewa wananchi. Wazee waliopo hapa wanakumbuka. Maduka yaligawiwa watu wenye cheo na wenye kujuana na wakubwa. Wengi wao hawakuwahi kupima hata kilo moja ya chumvi. Waliuza vilivyokuwa kwenye rafu, wakala faida na mtaji pamoja, na rafu zikabaki tupu. Kumbe kumiliki duka ni jambo moja, na kujua kuliendesha ni jambo lingine.

Wengine waliweka tumaini kwenye kampuni. Kule Kalima na sehemu nyingine za Maniema, SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976 ilikuwa baba na mama wa watu. Bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985, kampuni ikadhoofika, na vita vya miaka ya 1990 vikaimaliza. Karibu nasi zaidi, kampuni ya Banro ilianza kuzalisha dhahabu kwa biashara huko Namoya mwaka 2016, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Vijana waliokuwa wamepanga maisha yao yote juu ya mwajiri mmoja walibaki mikono mitupu, na baadhi yao tunajua walikokwenda.

Sisemi haya ili kuwalaumu. Nasema ili tuone kwamba mtoto anayekaa nyumbani na diploma yake si lazima awe mvivu. Mara nyingi anafanya kile tulichomfundisha: kungoja kuitwa. Mimi mwenyewe nilipomaliza chuo nilizunguka na dosie yangu mkononi, ofisi hadi ofisi, muda mrefu kabla sijapata kazi hii. Hakuna aliyekuwa amenifundisha kufanya jambo jingine wakati nangoja.

Neno ujasiriamali

Jirani zetu wa Tanzania wana neno: ujasiriamali. Ndani yake mnasikia maneno mawili, jasiri na mali. Ni mtu anayeona haja ya watu, anathubutu kuweka jasho na mali yake ili kuitimiza, na anakubali kwamba anaweza kupata au kukosa.

Hapa mtu ataniambia: "Hilo tunalijua, ni artikili ya 15, jitafutieni wenyewe." Ndugu zangu, kuna tofauti. Mama aliyehama, aliyefika hapa na kitenge kimoja, akakopa mawese debe moja na kuyauza kwa vikombe ili watoto wale jioni, anajitafutia. Hiyo ni akili ya kuokoa maisha na inastahili heshima. Lakini akianza kuandika aliyonunua na aliyouza, akatenga mtaji na faida, akajiunga na AVEC au likelemba ili aongeze debe la pili, akamwajiri kijana wa kubeba, hapo amevuka mto. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wako mama hapa sokoni ambao wamevuka mto huo bila kukanyaga chuo. Na wako wanafunzi wa chuo kikuu wanaojua kueleza mtaji kwa Kifaransa kizuri lakini hawajawahi kuuza hata kiberiti. Nitarudi kwenye jambo hili.

Maswali matatu ndani ya moyo

Mtaalamu mmoja aitwaye Icek Ajzen aliandika mwaka 1991 juu ya jinsi mtu anavyofikia nia ya kutenda jambo. Watafiti wengi wa ujasiriamali wanatumia mawazo yake wanapowauliza wanafunzi wa vyuo vikuu. Kwa lugha yetu, ni maswali matatu ambayo kila kijana hujiuliza, hata kama hasemi:

La kwanza: je, jambo hili ni jema machoni pangu?

La pili: je, watu ninaowaheshimu wataliheshimu?

La tatu: je, naamini kwamba ninaliweza?

Kijana akijibu ndiyo kwa yote matatu, nia yake huwa na nguvu. Akijibu hapana hata kwa moja, nia hulegea. Sasa tuangalie fakalte kwa fakalte. Ninayosema hapa nimeyapata kwa kuzungumza na wanafunzi wanaorudi likizo kutoka Kindu, Kasongo, Kisangani, Bukavu na kwingineko. Si hesabu ya kitaalamu. Ni masikio yangu tu, na ninyi mtanisahihisha.

Wanafunzi wa uchumi na biashara. Katika nchi nyingi hawa ndio husema zaidi kwamba wanataka kuanzisha shughuli yao wenyewe. Swali la kwanza wanajibu ndiyo haraka. Shida yao ni la tatu. Wamesoma benki, soko la hisa na makampuni makubwa, na wakirudi hapa ambako benki iko mbali na barabara inakatika mvua ikinyesha, wanaona yale waliyosoma hayana mahali pa kushika. Mmoja aliniambia: "Bila dola elfu kumi siwezi kuanza." Nikamwuliza mama yake alianza na kiasi gani. Akanyamaza.

Wanafunzi wa kilimo. Hawa wana ujuzi unaotakiwa sana hapa. Mpunga umelimwa Maniema tangu wafanyabiashara Waswahili walipouleta katika karne ya 19, na bado tunapoteza mwingi kwa mbegu mbaya na kwa kuuhifadhi vibaya. Lakini swali la pili linawaumiza. Mtu alisoma miaka mitano, anarudi, anachukua jembe, na jirani wanasema: "Ona, mwenye lisansi anashika jembe kama sisi!" Basi anaacha jembe na kutafuta mradi wa shirika unaohitaji msimamizi wa wakulima.

Wanafunzi wa tiba na uuguzi. Hawa watu wanawaheshimu, na wagonjwa hawakosekani. Lakini kwao lazima niweke onyo. Kufungua duka la dawa au zahanati bila ruhusa ya mamlaka ya afya si ujasiriamali. Ni hatari kwa maisha ya watu. Kazi zao halali zipo: kufundisha usafi, kutengeneza sabuni ya mawese na soda kostiki kwa vipimo sahihi, kushirikiana na kituo cha afya. Tunalohitaji kwao ni ubunifu wenye kufuata sheria.

Wanafunzi wa sheria na wa siasa. Wengi wao wanajiona hakimu, wakili au mbunge. Njia hizo ni nyembamba na ziko mbali na hapa. Lakini angalieni haja zetu: mikataba ya mashamba, hati za kuzaliwa za watoto waliozaliwa ukimbizini, katiba za vyama vya akiba, barua kwa wakubwa. Kijana wa sheria angeweza kufungua kijiofisi cha kuandika hati kwa bei ndogo inayojulikana. Hajafikiria hivyo kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba hiyo pia ni sheria.

Wanafunzi wa ualimu. Hawa wanajua kabla ya wengine kwamba mshahara wa serikali unaweza kuchelewa. Wengi wamewaona walimu wao wakifundisha miaka mingi wakiwa katika orodha ya vitengo vipya, bila namba na bila malipo. Tangu elimu ya msingi ya serikali ifanywe bure mwaka 2019, wazazi hawatakiwi tena kulipa walimu, na wanaosubiri namba wamezidi kubanwa. Kwa sababu hiyo, ajabu, nimekuta walimu wengi kuliko wanauchumi wenye shamba, mzinga wa nyuki, au pikipiki ya kukodisha. Haja imewafundisha.

Wanafunzi wa informatiki na ufundi. Hawa wana mkono unaofanya kazi. Paneli ndogo ya jua, kuchaji simu, kutengeneza redio na simu, kupiga chapa na kutoa fotokopi. Watu hulipa siku hiyohiyo. Mara nyingi wanaanza mapema, na mara nyingi wanakwama kwa sababu hawaandiki hesabu, na kila ndugu anachajiwa bure.

Mnaona, wapendwa? Kila fakalte ina zawadi yake na kilema chake. Mmoja ana hesabu bila mikono. Mwingine ana mikono bila hesabu. Wa tatu ana ujuzi na aibu. Kwa hiyo kumwuliza mtoto asome nini ni nusu ya swali. Nusu nyingine ni hii: atasoma pamoja na kufanya nini, na atashirikiana na nani?

Tuliyojifunza kwa jirani

Nchini Uganda, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuphana cha Ujerumani pamoja na wenzao wa Afrika waliandaa mafunzo kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Yanachukua wiki 12. Wanafunzi wanagawanywa katika vikundi, kila kikundi kinapewa kiasi cha dola 100, na ndani ya wiki hizo lazima waendeshe biashara ya kweli: wanunue, wauze, wakosee, warekebishe. Mwisho wanarudisha zile fedha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliopitia mafunzo hayo walianzisha shughuli nyingi kuliko wenzao ambao hawakuyapata. Angalieni swali la tatu lilivyojibiwa. Kijana haamini kwamba anaweza kwa sababu ameambiwa. Anaamini kwa sababu amefanya.

Huko Togo, mjini Lomé, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa hesabu na utunzaji wa biashara kwa njia ya kawaida. Kundi la pili lilifundishwa tabia: kuanza bila kungoja, kutazama mbele, kurudi tena baada ya kushindwa. Kundi la tatu halikufundishwa. Kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2017, waliofundishwa tabia waliongeza faida kwa asilimia 30 ukiwalinganisha na wasiofundishwa. Waliofundishwa kwa njia ya kawaida waliongeza kama asilimia 11, kiasi ambacho wataalamu hawakuweza kukithibitisha. Daftari ni lazima, lakini daftari peke yake halimwamshi mtu asubuhi.

Mfano wa tatu ni wa watu waliopita tulipopita sisi. Kaskazini mwa Uganda, baada ya vita na kambi, serikali iliwapa vijana fedha kwa vikundi mwaka 2008, wastani wa dola 382 kwa mtu. Masharti yalikuwa waandike mpango, wajifunze ufundi na kununua vifaa. Baada ya miaka minne, mapato yao yalikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko ya wenzao ambao hawakupewa. Baada ya miaka tisa, wenzao walikuwa karibu wamewafikia kwa mapato, ingawa waliopewa bado walikuwa na mali zaidi. Maana yake ni kwamba fedha za mwanzo zinamwahisha mtu. Hazimtunzi milele.

Na jambo hili lazima niliseme wazi, kwa sababu sisi ni watu wa kazi ya amani. Utafiti huohuo haukuona kwamba fedha zile zilibadilisha sana namna vijana walivyoishi na jirani zao. Biashara haileti upatanisho yenyewe. Nchini Liberia, lakini, wapiganaji wa zamani waliofundishwa kilimo na kupewa mtaji walipunguza muda wao katika kazi za haramu. Vita vilipotokea nchi jirani ya Côte d'Ivoire mwaka 2011, waliokuwa bado wanatarajia sehemu nyingine ya mtaji walivutwa kidogo zaidi na waliokuwa wakiandika wapiganaji. Kijana mwenye jambo la kungojea kesho hana haraka ya kufa leo. Lakini jambo hilo liwe la kweli, lisiwe ahadi ya mkutano.

Tusidanganyane

Kuna watu wanaotumia neno ujasiriamali kama kifuniko. Wanamwambia kijana: "Jiajiri!" kisha wanaweka barieri tatu barabarani ili wamtoze kila mfuko wa mpunga. Kijana hawezi kuijenga barabara ya Kasongo peke yake, wala kuleta usalama wa Kabambare peke yake. Serikali ina wajibu wake, nasi tuendelee kuudai kwa amani.

Sheria zenyewe zipo. Tangu mwaka 2012 nchi yetu imo katika OHADA, na sheria ya OHADA inamtambua mtu mwenye shughuli ndogo, ambaye anaweza kuitangaza tu bila kusajili kampuni nzima. Tarehe 8 Septemba 2022 ikatolewa sheria ya kuendeleza ujasiriamali na makampuni machanga. Vijana wetu wa sheria wazisome na kutueleza kwa Kiswahili, ili anayetozwa ajue kilicho halali na kisicho halali.

Wala si kila mtoto ni lazima awe mfanyabiashara. Tunahitaji waganga, walimu na mahakimu wema. Ninachosema ni kwamba hata hao wasikae mikono mitupu wakati wa kungoja.

Mapendekezo

Kwa wazazi. Msichague fakalte kwa jina lake. Mkalisheni mtoto, mumwulize maswali manne: ujuzi huu una nani anayeuhitaji hapa au tutakakorudi? Utajifunza kwa mikono au kwa daftari tu? Ukimaliza, utafanya nini mwaka wa kwanza kabla hujapata kazi? Na wakati wa likizo utafanya nini? Asipojua, msimkatalie, mpeni muda wa kuwaendea watu na kuuliza. Na akirudi na diploma akashika jembe au akakaa sokoni, msimwache acheswe. Mtu wa kwanza kumtetea awe mama yake na baba yake.

Kwa wanafunzi. Mkija likizo, msikae tu chini ya mwembe mkizungumza Kifaransa. Kila mmoja akae wiki mbili na mama mmoja wa soko, amwandikie daftari lake. Yeye atapata hesabu safi, nawe utajifunza bei, mikopo, na jinsi ya kumkatalia mteja bila kumkosea. Yeye ndiye profesa, wewe ndiwe mwanafunzi. Mwamkie kwa heshima hiyo.

Kwa mashefu na wenyeji wenye ardhi. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi mmetoa jembe, na Mungu awabariki. Lakini migogoro mingi tuliyopatanisha hapa ilianza na shamba lililotolewa kwa mdomo tu. Basi shamba la vijana lipewe muda unaojulikana, tuseme misimu mitatu. Mpaka upimwe, karatasi iandikwe na mashahidi wa pande zote mbili. Na ikubaliwe kwamba anayeazimwa atapanda mazao ya msimu, kama mpunga, karanga na mahindi, asipande michikichi, kwa maana mti wa kudumu huonekana kama madai ya ardhi. Hivyo mwenyeji hataogopa, na aliyehama hatafukuzwa mavuno yakiwa karibu.

Kwa kamati ya sanduku la masomo. Hili ndilo ombi langu kubwa. Msigawe fedha kwa jina la fakalte, wala kwa jina la kabila, wala kwa kusema huyu ni mwenyeji na huyu alihama. Tengeni sehemu moja kwa karo. Sehemu nyingine iwe mkopo mdogo kwa vikundi vya wanafunzi na waliomaliza, kwa mfano wa Uganda, kwa wiki 12 za likizo kubwa. Kila kikundi kiwe na watu watano: wasitoke wote fakalte moja, wasiwe wote wavulana, wala wasitoke wote upande mmoja.

Tuchukue mfano. Kijana wa kilimo anajua mpunga. Dada wa uchumi anashika daftari. Kijana wa ufundi anatengeneza kinu cha kukoboa kikiharibika. Wa sheria anaandika mkataba na wakulima. Mwalimu anazungumza na watu na kusuluhisha wakigombana. Wananunua mpunga, wanakoboa, wanauza mchele. Kama walikopeshwa franka 200,000, siku ya mwisho wanasimama mbele yetu sote na kutuonyesha daftari: walinunua kwa kiasi gani, waliuza kwa kiasi gani, walipoteza wapi. Wanarudisha mkopo, na faida ni yao. Wakipata hasara bila wizi, waeleze sababu, na tusiwatukane. Hasara iliyoelezwa mbele ya watu ni somo la kijiji kizima. Wakila fedha, sehemu yao ya karo isimame.

Ndani ya wiki hizo 12, mtoto wa aliyehama na mtoto wa mwenyeji watakuwa wamegawana franka zilezile na usingizi uleule wa kulinda magunia. Sitawaahidi kwamba hapo wamekuwa ndugu. Lakini siku uvumi mbaya utakapofika hapa, na mnajua uvumi huwa unafika usiku, watu hao watano watakuwa na sababu ya kutafutana na kuulizana kabla ya kuamini.

Jibu langu kwa mama

Sasa namgeukia mama aliyeuliza. Mama, shikamoo. Sikupi jina la fakalte, na naomba usinikasirikie. Mtoto wako wa pili asome anachokipenda na ambacho watu wanakihitaji, lakini asome huku akifanya. Na usimsahau yule wa kwanza. Wiki iliyopita nilimwomba aje ofisini. Nilimwonyesha karatasi za mashamba zinazotakiwa kuandikwa kabla ya mvua za kwanza. Kila mwenye shamba na kila anayeazimwa watachangia kidogo kwa kazi hiyo, kwa bei ambayo kamati itaitangaza. Yeye amekubali kuandika. Si kazi ya hakimu, na haitajaza nyumba. Lakini ni sheria aliyoisoma, inayotumika Wamaza, na bei yake itajulikana.

Ninyi mashefu, nawaomba mumtumie. Ninyi wazee wa kamati, mkikutana mwezi ujao, liwekeni pendekezo la vikundi mezani, mlijadili, mlipunguze au mliongeze, kisha mtoe uamuzi wenu mbele ya pande zote mbili.

Nimesema mengi. Kama nimemkosea mtu, anisamehe. Maswali nayapokea sasa, tuanze na akina mama.